Shilingi Isiyo na Msindikizaji

Ilikuwapo nchi, na kwa habari nilizonazo bado ipo na bado inakopa, ambayo serikali yake iliwapenda wananchi kupita kiasi. Iliwapenda leo, lakini hasa iliwapenda kesho. Ndiyo maana ilikuwa na Wizara ya Kesho, yenye jengo refu kuliko yote mjini, na juu ya mlango wake yalichongwa maneno haya kwa herufi za shaba: HAKUNA SHILINGI ITAKAYOTEMBEA PEKE YAKE.

Msomaji anayetoka nchi zisizostaarabika anahitaji maelezo. Watu wa nchi ile walikuwa na desturi nzuri, ambayo hata sisi tunayo: mgeni akiaga haachwi aende zake hivi hivi. Anasindikizwa. Unamtoa barazani, unamfikisha njia panda, mnasimama pale, mnazungumza yale yote ambayo hamkuyazungumza ndani, ndipo unarudi. Serikali iliitazama desturi hiyo ikasikitika sana kuona inafanywa bure. Ikaitaifisha. Na kwa kuwa fedha ya uzeeni ni msafiri aendaye mbali kuliko wote, ikatungwa sheria kwamba kila mwananchi anayejiwekea akiba ya kustaafu aikabidhi kwa wasindikizaji wa Wizara.

Sasa msindikizaji si malaika. Anakula. Kwa hiyo kila shilingi iliyokuwa safarini ilitoa posho ya msindikizaji mkuu aliyetangulia mbele, posho ya mshika mwavuli aliyeikinga na jua, posho ya mpiga tarumbeta aliyetangaza kwamba inapita, posho ya mwonjaji aliyeimega kila mwaka kuhakikisha haijachacha, na posho ya mkaguzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwauliza hao wengine kama wameshapata posho. Shilingi ikifika uzeeni ilikuwa imechoka sana. Nyingi hazikufika. Wizara iliwapelekea wenyewe salamu za rambirambi, tena kwa wakati, na kwa hilo iliwahi kupewa kombe la utendaji bora na Wizara yenyewe.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Siwatu Pazi, mpiga pasi wa bendera za taifa. Usiidharau kazi hiyo. Nchi ile ilikuwa na sikukuu za taifa nyingi kuliko siku za kazi, kwa hiyo pasi yake haikupata kupoa. Kilichopoa ni mshahara. Siwatu aliishi na mama yake, Bibi Kidawa, mkunga mstaafu wa hospitali kuu. Bibi Kidawa aliwapokea kwa mikono yake nusu ya watu wa mji ule, wakiwamo mawaziri wawili, kosa ambalo aliliombea msamaha kwa Mungu kila alipomaliza kunywa chai.

Katika maisha yake yote ya kazi, Bibi Kidawa alikatwa sehemu ya mshahara ikapelekwa kwenye safari ya Wizara iliyoitwa Dhahabu ya Machweo. Siku alipostaafu alivaa khanga mpya, akapika pilau, akakaa mlangoni kuingoja fedha yake.

Aliyefika ni msindikizaji. Jina lake Bwana Fumbwe, mtu wa shingo nene, mshipi wa kijani begani, mwavuli mkono mmoja na tarumbeta kwapani, maana wenzake wote walikuwa wameishia njiani na yeye alikuwa amerithi vyeo vyao na posho zao. Alipiga tarumbeta, akapiga saluti.

"Hongera, Bibi. Safari ilikuwa nzuri sana."

"Ahsante, mwanangu. Fedha iko wapi?"

"Fedha ilizidiwa njiani," alisema Bwana Fumbwe, akavua kofia kuonyesha majonzi. "Lakini sisi tumefika salama, tunamshukuru Mungu. Hiyo ni pilau?"

Sheria ilisema kwamba msindikizaji aliyefika salama ni mgeni wa serikali, na mgeni wa serikali haondoki mpaka naye asindikizwe na mtu mwenye mshipi. Wenye mishipi hawakutoka ofisini bila posho ya kutangulia. Posho hiyo Bibi Kidawa hakuwa nayo, kwa sababu ndogo tu kwamba fedha aliyoitegemea ilikuwa imezidiwa njiani. Basi Bwana Fumbwe akaingia ndani, akakiona kiti cha mito ambacho wauguzi walimchangia Bibi Kidawa kumuaga, akakikalia. Alikikalia mwaka ule, na mwaka uliofuata, na miaka mingine mingi sana. Bibi Kidawa akahamia kwenye kibao cha mbuzi, akawa anakaa pale hata wakati hakuna nazi ya kukuna.

Siwatu alimchukia mtu yule kwa moyo wake wote, na mimi sioni sababu ya kulificha jambo hilo. Alichukia jinsi alivyofyonza mifupa. Alichukia jinsi alivyosema "Mwanangu, chumvi," bila kugeuza shingo. Zaidi ya yote alichukia kumwona mama yake, aliyesimama miaka yote ile katika wodi za wazazi, akijishikilia kiuno kuinuka kutoka kwenye kile kibao ili kwenda kumletea chumvi mtu aliyekula uzee wake. Siku moja, akiwa anaosha sahani ya Bwana Fumbwe, Siwatu aliapa kwamba atakapozeeka yeye, hatafika mtu mwenye tarumbeta mlangoni. Itafika fedha.

Akajitanda khanga, akaenda Wizara ya Kesho.

Alipokelewa na Mshauri Mwandamizi wa Kesho, Dokta Sheuta, ambaye juu ya meza yake hapakuwa na kitu chochote isipokuwa picha yake mwenyewe akiwa nyuma ya meza ile ile.

"Dada yangu, umefika siku ya neema," alisema Dokta Sheuta. "Tuna safari mpya, Simba wa Uzeeni. Wasindikizaji wake wote wana shahada. Hawaiachi fedha yako ilale. Leo wanaipitisha kwenye kahawa, kesho wanaikimbiza kwenye almasi, keshokutwa wanaona almasi zimechuja wanairudisha kwenye kahawa."

"Na kila wakigeuza njia wanakula?"

"Wanapata posho ya kugeuka."

"Wakipotea?"

"Posho ya kurudi. Halafu kuna posho ya kutoa taarifa kwamba wamerudi. Hatuwezi kumwacha mtaalamu apotee bure, dada yangu."

"Kuna nyingine?"

"Peponi Daraja la Kwanza! Hiyo ina bendi nzima."

"Mimi nataka ile ambayo haina watu."

Dokta Sheuta alisogeza kiti nyuma, kama mtu aliyeulizwa sumu ya panya inauzwa wapi. "Fedha bila watu? Ikikabwa njiani?"

"Itakabwa na nani, kama hakuna watu?"

"Wewe kazi yako nini?"

"Napiga pasi bendera."

"Basi piga pasi!" Uso wake ulikuwa umebadilika. "Unajua nini juu ya kesho, wewe?"

"Sijui kitu. Ila najua anavyokula Bwana Fumbwe. Iko wapi isiyo na watu?"

Kulikuwa na kanuni, iliyosalia kwa bahati mbaya tangu enzi za uhuru, kwamba mwananchi akirudia swali lake bila kutishika lazima ajibiwe. Siwatu alilirudia. Alilirudia tena akiwa amesimama, na sauti imepanda. Dokta Sheuta akaelekeza kwa midomo, maana hakutaka kidole chake kihusike.

"Chini ya ngazi. Jirani na choo. Ukipotea, fuata harufu."

Hapo chini ya ngazi ndipo lilipokuwa dirisha la Kapu la Wote. Jinsi Kapu hilo lilivyopata kuwapo ni aibu ya Bunge la nchi ile, na ningependa kuipita haraka. Waheshimiwa walikuwa na mazoea ya kusoma ibara moja tu katika kila muswada, yaani ibara ya posho. Wakiikuta nono, wanapitisha muswada kwa vifijo. Wakiikuta kondefu, wanaupinga kwa uchungu wa kizalendo. Muswada wa Kapu la Wote ulichapwa na ofisa aliyekuwa na malaria, akasahau kuitia ibara ya posho kabisa. Kwa kuwa haikuwapo, hakuna aliyepata cha kusoma, na kwa kuwa hakuna aliyesoma, hakuna aliyepinga. Ukawa sheria wakati wa chakula cha mchana.

Ukutani juu ya dirisha yalikuwapo maneno mawili yaliyofifia: TIA. ONDOKA. Nyuma ya dirisha alikaa karani wa kike ambaye Wizara ilisahau kumpandisha cheo na ikasahau vile vile kumfukuza. Alimweleza Siwatu huku akipepea nzi. Kapu lilinunua kipande kidogo cha kila biashara iliyomo nchini, kiwanda cha chumvi, cha viberiti, cha saruji, mabenki, mabasi, hata kile cha kutengeneza mishipi ya kijani. Hakuna aliyechagua. Moja ikifa, nyingine zipo. Zikipata faida, faida inabaki humo humo inanunua vipande vingine. Gharama yote ya mwaka mzima haikutosha kununua kikombe cha chai kwenye kantini ya Wizara.

Siwatu akatia alichokuwa nacho. "Haya, sasa nifanye nini?"

"Uende nyumbani."

"Halafu?"

"Mwezi ujao utie tena."

"Na katikati hapo?"

Yule karani akaacha kupepea. "Wewe dada unapenda kazi, eh?"

Ikawa hivyo. Kila mwezi Siwatu alishuka chini ya ngazi, akaziba pua, akatia, akaondoka. Majirani walimcheka. Wao walikuwa kwenye Simba wa Uzeeni, na kila mwaka ilipofika siku ya taarifa, wasindikizaji waliwajia na matarumbeta, wakawasomea hotuba juu ya almasi, wakala kuku, wakaondoka. Nyumba ya Siwatu ilipitwa kimya. "Maskini, fedha yake yatima," walisema wale waliokuwa wamebaki na manyoya.

Msomaji asije akadhani Siwatu alikuwa mwerevu. Ulifika mwaka ambao daraja jipya la taifa lilianguka wakati Rais anakata utepe, na hisa za kiwanda cha saruji zikaanguka nalo, na saruji ikazivuta benki, na benki zikavuta mabasi. Wizara ilipeleka magari mitaani yenye vipaza sauti yakitangaza: "Wananchi tulieni! Kimbieni!" Wananchi wakatii yote mawili kwa kadiri walivyoweza. Waliokuwa kwenye Simba walikimbilia Peponi, wakalipa posho ya kutoka. Waliokuwa Peponi walikimbilia Simba, wakalipa posho ya kuingia. Walipokutana njiani walitozwa posho ya msongamano.

"Wenzako wanakimbia, wewe umekaa unapiga pasi," alisema Bwana Fumbwe kutoka kwenye kiti cha mito. "Hilo kapu lako limeshaoza. Utakuja kula majani wewe, na mama yako huyu, na mimi mtanilisha nini?"

Siwatu aliogopa. Aliogopa hasa, hamu ya chakula ikamkatika, na asubuhi moja alifunga safari kwenda kutoa kila kitu. Alifika Wizarani akakuta choo kimefurika. Maji machafu yamejaa mpaka ngazi ya nne, na dirisha la Kapu limefungwa kwa sababu za kiafya. Alisimama pale viatu vimelowa, akaitukana Wizara, akamtukana Waziri, akakitukana choo, akarudi nyumbani analia kwa hasira. Kukizibua choo kile kulihitaji kamati, na kamati ilihitaji ziara ya mafunzo nchi za nje. Iliporudi, daraja lilikuwa linajengwa upya na mkandarasi yule yule, saruji ilikuwa inauzwa kwa fujo, na kila kilichoshuka kilikuwa kimepanda kupita kilipokuwa. Siwatu aliendelea kutia. Lakini tangu siku ile alikuwa akikitazama choo cha Wizara kwa heshima fulani.

Miaka ilikwenda. Mvi zikamtoka Siwatu, na mwaka wake wa kustaafu ukakaribia, na kile alichotia chini ya ngazi kikawa kitu cha kumfanya mtu astahiwe. Hakumwambia yeyote. Aliyegundua ni Bwana Fumbwe. Alikuwa amekaa miaka yote anasikiliza matarumbeta yakipita mtaani, akajiuliza kwa nini mwanamke anayekaribia kustaafu hajawahi kupigiwa hata moja. Akanusa. Akauliza uliza. Kisha akaenda kumshitaki, kwa sababu kushitaki pia kulikuwa na posho.

Shitaka lilisomeka hivi: kuitelekeza fedha ya uzeeni njiani bila msindikizaji, kinyume cha utu.

Baraza la Kesho lilikaa katika ukumbi mkubwa, chini ya uenyekiti wa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dokta Kanali Mbonde. Kulia kwake alikaa Mkuu wa Wasindikizaji, kushoto Dokta Sheuta, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi, na nyuma yao safu nzima ya wakubwa. Mheshimiwa Mbonde aliipenda sauti yake, kwa hiyo aliamuru vipaza sauti viwekwe sokoni, stendi na katika wodi zote za hospitali, ili hata mgonjwa mahututi asikose hotuba.

Bwana Fumbwe alitoa ushahidi wa kwanza. Alieleza jinsi alivyoteseka katika nyumba ile, akilishwa dagaa siku ya sikukuu. Kisha Waziri akamgeukia Siwatu.

"Mwanamke wewe. Wataalamu wangu wamechungulia sehemu yako katika Kapu. Wameshindwa kueleza. Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu, Mheshimiwa."

"Ulikuwa na mganga?"

"Hapana."

"Ulipoona saruji imeanguka, ulifanya nini?"

"Nilikwenda kutoa, nikakuta choo kimefurika. Nikarudi. Sikufanya kitu."

Mheshimiwa Mbonde alipiga meza mpaka vipaza sauti vikapiga kelele mji mzima. "Miaka yote hiyo hukufanya kitu! Katika nchi hii, kukaa bila kufanya kitu ni kazi ya ngazi ya Mkurugenzi na kuendelea! Nani alikupandisha cheo?"

Ukumbi ulicheka na kupiga makofi. Siwatu alijua wanachokitaka. Wakishaichukua ile sehemu yake, atarudi kukaa sakafuni karibu na mama yake, wawili hao, wanamtazama Fumbwe anakula.

"Hukumu yangu ni ya huruma," alisema Waziri. "Fedha yako haitataifishwa. Itasindikizwa. Itapewa msindikizaji mkuu, mwavuli, tarumbeta, mwonjaji na mkaguzi, na posho zao zote tangu siku ya kwanza uliyotia."

Makofi tena. Akaitwa yule karani wa chini ya ngazi, mzee sasa, aitenge sehemu ya Siwatu. Karani akasema haitengeki wakati wa kusindikizwa. Katika Kapu vitu vyote vimechanganyika, kipande cha huyu na cha yule ni chumvi ile ile na saruji ile ile. Ukipeleka tarumbeta kwa mmoja, limewapigia wote.

"Basi lisindikizwe Kapu zima!" alinguruma Mheshimiwa Mbonde. "Kuanzia leo! Kila shilingi iliyomo!"

Wananchi ukumbini wakapiga makofi. Lakini meza kuu haikupiga. Mkuu wa Wasindikizaji alikuwa ameshika kifua. Dokta Sheuta alikohoa, akakohoa tena, akainama kumnong'oneza Waziri bila kukumbuka kuwa kipaza sauti kilikuwa katikati yao.

"Mheshimiwa, hilo la Kapu zima labda tulitafakari."

"Kwa nini?"

"Kuna baadhi yetu... watumishi waandamizi..."

"Zangu zimo humo!" Mkuu wa Wasindikizaji alishindwa kujizuia. Alisimama, jasho likimtoka. "Zote zimo humo! Mheshimiwa, unataka wasindikizaji wale fedha yangu? Unawajua hao watu? Nimewafundisha mimi!"

"Na wewe?" Waziri aliuliza. "Nani mwingine?"

Katika safu ya nyuma mikono ilianza kuinuka, mmoja mmoja, kwa shingo upande, mpaka ikawa ni vigumu kumpata mtu aliyeuacha wake chini. Miaka yote walikuwa wakishuka pale chini ya ngazi baada ya saa za kazi, wakijifanya wanakwenda haja. Waziri aliwatazama kwa hasira kubwa, akafungua kinywa kuwalaani. Ndipo mke wake akasimama kutoka viti vya wageni waalikwa, mikufu ikimlia shingoni.

"Baba Zaituni," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka wodi ya wazazi, "na zetu je?"

Huko sokoni, kwa maelezo ya waliokuwapo, muuza nyanya alisimama na mzani mkononi akasahau kama anauza au ananunua.

Siwatu hakucheka. Alikuwa amejiaminisha miaka yote kwamba watu hawa ni wapumbavu, na upumbavu mtu anaweza kuusamehe.

"Mlijua," alisema. Kisha akapaza sauti. "Mlijua! Kila mmoja wenu alijua dirisha lile liko wapi. Mama yangu alikuwa anawazalisha wake zenu, nyinyi mnamwimbia Dhahabu ya Machweo, halafu jioni mnateremka kwa ncha za vidole kuficha zenu jirani na choo. Mkampa mama yangu tarumbeta!"

"Zimeni vipaza sauti," alisema Waziri, naye akasikika.

Baraza likaahirishwa kwa ajili ya chai. Katika chumba cha pembeni Mheshimiwa Mbonde, ambaye sasa alikuwa mpole kama mkwe siku ya kwanza, alimwambia Siwatu kwamba hukumu imefutwa na fedha yake haitaguswa, kwa sababu zilizo wazi. Serikali ingependa pia kumtuliza. Alitaka nini? Kiwanja? Nishani? Ziara ya mafunzo?

"Nataka mshipi wa kijani," alisema Siwatu.

Walimpa upesi, wakifurahi kwamba mwanamke yule alikuwa mjinga kiasi kile.

Kesho yake asubuhi watu walifurika Wizarani, foleni ikatoka chini ya ngazi mpaka barabarani. Wakakuta ukuta mtupu. Serikali ilikuwa imefanya kazi haraka kwa mara ya kwanza katika historia yake, na dirisha la Kapu la Wote lilikuwa limepigwa plasta na kupakwa chokaa, na mbele yake amewekwa askari. Watu waliguna, wakatukana, wengine wakaanza kuondoka. Lakini kazi ile ilikuwa imepitia kwa mkandarasi wa Wizara, na mkandarasi alikuwa ametoa posho kwa wote waliohusika, na kilichobaki kununulia saruji kilikuwa kidogo sana. Mama mmoja aliegemea ukuta kupumzika, plasta ikaporomoka yote miguuni kwake. Nyuma yake alikaa yule karani, anapepea nzi. Askari aliangalia kushoto, akaangalia kulia, akaingia kwenye foleni.

Bwana Fumbwe hakuyaona hayo. Alikuwa ametumia posho ya ushahidi kwa marafiki na vinywaji, akarudi nyumbani mchana ule akiwa na njaa. Alipita mbele ya Bibi Kidawa aliyekaa kwenye kibao chake cha mbuzi, akajitupa katika kiti cha mito.

"Mwanangu, chakula."

Siwatu alitoka jikoni. Juu ya khanga yake alikuwa amevaa mshipi wa kijani, ameupiga pasi.

"Inuka, Bwana Fumbwe. Mgeni unakwenda. Nakusindikiza."

Bwana Fumbwe alicheka, kisha akautazama mshipi vizuri, akaacha. "Posho ya kutangulia amelipa nani?"

"Sikudai ya kutangulia. Nitakula njiani, kama nyinyi."

Sheria ilikuwa ni sheria, na yeye aliijua kuliko mtu yeyote. Aliinuka. Barazani Siwatu alichukua mwavuli wa mgeni, posho ya kutoka mlangoni. Kwenye kona ya msikiti alichukua kofia. Mgeni alipolalamika, Siwatu alichukua saa, posho ya malalamiko. Njia panda alichukua tarumbeta, na hatua chache mbele, kwa kuwa Bwana Fumbwe alikuwa ameanza kulia na kuzuia njia, alichukua viatu kwa ajili ya msongamano. Desturi inataka watu wasimame pale, wazungumze kidogo kabla ya kuagana. Siwatu hakuwa na la kuzungumza naye. Alimwacha katikati ya barabara pekupeku, akigeuka huku na huku kutafuta nyumba yenye harufu ya pilau.

Aliporudi, Bibi Kidawa alikuwa bado kwenye kibao.

"Amefika salama?"

"Alizidiwa njiani, mama."

Bibi Kidawa alijishikilia kiuno, akainuka, akaenda mpaka kwenye kiti chake. Aliupiga mto makofi mazito kulitoa vumbi la mtu yule, akakaa. Akapapasa mikono ya kiti. Siwatu alidhani atamwona akitabasamu.

"Na fedha yangu?" aliuliza mama yake.

Siwatu alilitua tarumbeta mapajani mwa mama yake. "Ndiyo hii, mama. Ndicho kilichobaki."

Bibi Kidawa aliligeuza geuza tarumbeta, akalinusa, akalitemea mate. Kisha akamrudishia.

"Kaliuze," alisema. "Ukatie kwenye hilo Kapu, kwa jina langu."

"Mama, lile ni jambo la miaka mingi. Wewe umeshapita themanini."

"Wanasubiri nife ili yaishe. Sifi ng'o! Hasira niliyo nayo inanitosha miaka mingine ishirini. Nenda upesi, kabla hawajapiga plasta nyingine."